Mama Alipoligawa Kasia

Asubuhi hiyo tulitoka mtaa wa Kagarama bila kujua tunaenda wapi. Dada yangu alikuwa na siku ya mapumziko na gari lilikuwa na mafuta. Mimi nilikuwa nalala sebuleni kwake tangu kazi ya kupiga msasa viti kule Gisozi inichoshe, nami nikasema tufuate tu barabara ya mashariki mpaka tuone kitu. Mama alikaa nyuma. Tulipoliona Ziwa Muhazi limetulia kati ya vilima, akasema, "Simama hapa."

Mama alikulia Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria. Tangu utoto wetu alituambia kwamba akiwa msichana alivusha watu kwa mtumbwi, peke yake. Mimi niliamini; niliacha shule mapema na huamini kila kitu mpaka nijaribu mwenyewe. Dada, ambaye ofisini kwake hakuna linaloaminika bila mhuri, aliiita "hadithi ya kutulaza". Zamani Mama alikuwa akicheka. Siku hizi hubadilisha mazungumzo.

Ufukweni palikuwa na kayaki za kukodisha, vile vyombo vyembamba vya plastiki. Mwenye nazo alimfunga Mama jaketi la kuelea.

"Iko rahisi, mukecuru," akasema, akimwita bibi kwa heshima ya Kinyarwanda. "Piga huku, piga huku. Maji yenyewe iko imelala."

"Wewe ndiye wa kunifundisha maji?"

"Hapana. Mimi niko nafunga jaketi tu."

Dada alichukua ya mtu mmoja. Mimi na Mama tukapanda ya wawili, yeye mbele. Kasia la kayaki lina bapa kila ncha, ili upige kulia kisha kushoto. Mama alipiga kulia tu. Tulizunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Nilipojaribu kusaidia, kasia langu liligonga lake, na watu wa ufukweni wakacheka.

Dada alipita karibu yetu. "Nahodha, abiria wako wanauliza, hii ng'ambo tunafika lini?"

Mama aliweka kasia mapajani akatazama maji, nami nikajua kwamba tukirudi hivi hatatusimulia tena habari za ziwa lake.

"Mama," nikamuuliza, "nyie mlikuwa mnashikaje?"

"Letu lilikuwa na bapa moja. Hili la juu linaninyeshea kichwani."

Nilikuwa nimelichezea kasia langu tangu nipewe, nikaona katikati kuna kitufe. Nikamwonyesha. Alibonyeza cha kasia lake, akavuta, kasia likatengana vipande viwili.

"Mukecuru, hiyo haikatwi!" mwenye kayaki akapaza sauti kutoka ufukweni.

"Sijalikata, nimeligawa," akajibu Mama, akanipa nusu moja. Langu zima tukalilaza miguuni.

Kisha akaamuru turudi kwenye maji ya kina kifupi tubadilishane viti, kwa sababu anayeongoza chombo hukaa nyuma. Nilipiga upande wa kushoto, yeye kulia, na mwisho wa kila mvuto nilimsikia akipindua bapa kidogo majini. Kayaki ikanyooka. Sikuwa na kazi ya kufikiri. Tulipita ndege weusi waliokuwa wakikausha mabawa juu ya mti ulioangukia ziwani, na hawakuruka.

Nyuma yetu kayaki ya Dada ilikuwa ikienda upande upande.

"Mama, ningojeni," akaita.

"Piga huku, piga huku," akasema Mama bila kugeuka.

Tulipofika ng'ambo mikono ya Mama ilikuwa imechoka hata kikombe cha chai tulichonunua ufukweni alikishika kwa viganja viwili. Akasema tutarudi kesho. Dada alimpigia simu mwenye kayaki, wakaelewana, nasi tukapanda njia ya udongo mpaka kwenye nyumba yenye vyumba vya wageni.

Mwenyeji, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alituonyesha chumba cha vitanda vitatu, akauliza gari tumeliacha wapi.

"Ng'ambo," akasema Dada. "Mama ametuvusha. Ndiyo iliyokuwa kazi yake alipokuwa mdogo."

Mama alijifanya anakagua shuka.

"Ulikuwa unabeba wangapi kwa safari moja?" Dada akamuuliza.

Mama akaketi kitandani, akavua viatu vyake vilivyolowa. "Watano," akasema. "Sita, ukihesabu mbuzi."