Soda ya Mlima Nyoka

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Mlima Nyoka, ukungu ndio kwanza unaondoka barabarani, mimi na rafiki yangu Festo tumesimamisha pikipiki zetu juu ya mteremko, mashine tumezizima. Tulizizima kwa nini, nitakwambia. Wewe, mwanangu, umeniletea ufunguo wa pikipiki yako mpya niuombee, na mimi nimeshasikia habari za Jumapili, kwamba vijana wa kijiwe chetu hapa Ilomba mnashindana barabara kuu mpaka Uyole, watu wanawapiga picha. Basi kaa kwanza. Chai inakuja.

Siku hizo tulikuwa tunabeba viazi kutoka mashamba ya Inyala kuleta soko la Mwanjelwa. Tukifika mteremkoni, kila mmoja anazima mashine, anaweka gia huru, ili kuokoa petroli. Mchezo ulianza kama ubahili, ukaishia mashindano. Atakayetangulia kufika Uyole, mwenzake anamnunulia soda. Soda, mwanangu, wala si ng'ombe.

Nisikudanganye, ilikuwa tamu. Mashine imenyamaza, unasikia upepo na matairi tu, machozi yanakutoka, unajiona wewe ndiye wewe. Anayekwambia mbio hazina raha hajawahi kukimbia. Zingekuwa chungu, nani angekufa nazo?

Festo alikuwa Mhehe wa Idodi, mpole sana, na alinishinda karibu kila siku. Nikachunguza, nikagundua kwamba anabeba mzigo mzito kuliko wangu. Mteremkoni, mashine ikiwa imezimwa, mzito ndiye anayekimbia. Basi siku ile nikamwomba mkulima aniongezee gunia la pili. Nikayafunga ubavuni, moja kulia, moja kushoto, kama punda. Yule mkulima, mzee wa Kisafwa, akanitazama akasema, "Kijana, viazi havina haraka. Mwenye haraka ni nani?" Nikacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Festo akatangulia. Katikati ya mlima nikamfikia, nikatoka kulia nimpite. Kumbe mbele kuna lori linapanda. Nikakanyaga breki, breki imeshapata moto, haishiki, na mashine iliyozimwa haikusaidii kupunguza mwendo. Nikarudi kushoto kwa nguvu. Gunia langu likagonga usukani wa Festo. Nilisikia kabisa, na mpaka leo nikikaa kimya nalisikia lile pigo.

Sikugeuka. Kosa langu kubwa liko hapo, kuliko hata zile mbio. Nilijiambia yuko nyuma, anakuja. Nikafika Uyole, nikaagiza soda, nikakaa kumsubiri aje anilipie. Nilikuwa nimeshainywa nusu, dereva mmoja aliyetoka mlimani akauliza nani ndugu wa kijana aliyeko mtaroni.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mama yake alikuja kwa basi kutoka Idodi, akanikuta wodini. Nikamsalimia kwa lugha yake, "Kamwene, mama." Akaitikia. Alikuwa ameshasimuliwa yote, na hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mlikuwa mnashindania nini?"

"Soda, mama."

"Nenda kanunue, niione."

Nikaenda nikanunua. Akaiweka dirishani, karibu na kitanda cha mwanawe, akasema, "Mshindi si wewe? Mbona hunywi?" Nililia mbele ya wagonjwa wote, mwanaume mzima.

Festo alipona, lakini goti halikunjiki tena. Leo ana duka dogo kwao Idodi, na kila mwaka nakwenda kumsaidia kuvuna mpunga. Alinisamehe mapema, kabla ya mama yake. Mama naye alinisamehe baadaye, sasa ni marehemu. Ile soda aliondoka nayo hospitali. Ipo kabatini kwa Festo mpaka leo, haijafunguliwa, na Festo hataki iondolewe. Nikifika ananikaribisha sebuleni, mguu wake ameunyoosha juu ya kigoda, tunakunywa chai, na soda inatutazama.

Watu wanasema ajali haina kinga. Msemo huo siupendi, maana umeficha uzembe wa wengi. Ajali ya Festo ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe nilikuwa mimi. Kwa hiyo nisikilize. Mteremkoni usizime mashine, petroli utanunua nyingine. Barabara si uwanja, ina mama anayetoka sokoni na lori ambalo hujaliona. Wakikuita kwenye mbio, jiulize ukishinda utapata nini, kisha ujione umesimama wodini mbele ya mama wa mwenzako, unakitaja hicho kitu. Kama kinakutia aibu, usikishindanie. Na ukikosea, maana utakosea, wewe ni binadamu, simama. Geuka urudi, hata kama unaogopa utakachokiona.

Haya, lete mkono, shika ufunguo wako. Mungu akupandishe mlima, akushushe salama. Breki zako zishike, na macho yako yaone kabla ya moyo kutamani. Na yeyote utakayeondoka naye asubuhi hapa kijiweni, Mungu akujalie urudi naye jioni.