Mshumaa wa Temyong

Ukitaka kuwapata vijana wa mtaa wetu wa Tondo wametulia, subiri mtu afe. Matanga yetu huchukua siku nyingi: jeneza liko wazi sebuleni, na wahuni wote wa mtaa wako nje wanacheza karata. Ndiyo maana Nonoy, kijana mwenzetu fundi pikipiki aliyejitolea kutufundisha kuvaa kondomu, hakukosa msiba hata mmoja.

Kwenye msiba wa jirani yetu Temyong alikuja mchana na ndizi yake ya mafunzo. Kugeuka tu, Bogart, mcheza karata mwenzetu, kaila.

"Samahani, mwalimu. Njaa haina adabu."

"Mlafi we! Sasa nifundishie nini?"

"Fundishia yako!" mmoja akadakia. Tukacheka mpaka karata zikamwagika.

Nonoy akaingia ndani kwa hasira, akarudi na mshumaa wa kando ya jeneza, akauvisha kondomu mbele yetu. Kicheko kikakatika. Mjane, Mama Purita, alikuwa amemfuata hadi mlangoni.

"Nisamehe, mama..."

"Endelea, mwanangu. Ila bana ncha kwanza, hewa itoke."

Kisha akatugeukia sisi wengine.

"Mmeambiwa kafa kwa mapafu, sivyo? Mapafu gani! Ni UKIMWI." Akanyoosha kidole ndani, kwa marehemu. "Kila nikimpa avae, anasema inambana. Haya, njooni mumwone leo: kafungwa vifungo vya shati mpaka kooni, na halalamiki."