Wa Tatu Kwenye Orodha

Wiki ile nilikuwa nimechoka hoi. Barua ya uteuzi ilikuwa na siku ya nne mkobani: niwe msaidizi wa mwalimu mkuu mpya, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha historia, na wala hakuwa hodari. Jibu lilitakiwa kesho yake. Nilishaamua kukataa.

Mchana nilikaa na baba kihambani, kwenye shamba letu la ukoo huko Mwika, yeye akichambua kahawa, mimi nikitafsiri kitabu kuhusu jeshi la Marekani, taifa lao lilipokuwa changa. Baba alistaafu jeshini akiwa sajini, kwa hiyo nilimsomea anisahihishe vyeo. Wamarekani walihofia vita na Wafaransa, wakamwita jemadari mzee aliyekwisha kurudi shambani kwake, awapangie jeshi jipya. Akaorodhesha majenerali watatu. Wa kwanza alikuwa kijana aliyekuwa msaidizi wake vitani. Wa tatu alikuwa rafiki yake, mkuu wa mizinga, ambaye katika vita vya zamani alimzidi cheo huyo kijana kwa mbali.

"Wa tatu akasemaje?"

"Alikataa, baba. Na vita vyenyewe havikuja."

Akaacha kuchambua. Nyumbani tulijua siku zote kwamba baba alirukwa cheo. Mama alikufa akiwalaumu wakubwa wa jeshi.

"Sikurukwa," akasema. "Nilipewa nyota, niwe afisa. Ila ningekuwa chini ya kijana niliyemfundisha kufunga kamba za buti, nimpigie saluti kila asubuhi. Nikarudisha barua."

Nilikasirika. Nilimfikiria mama, na uchungu wote ule alioubeba bure.

"Kijana huyo alinifuata hapa," baba akaendelea, polepole. "Meja mzima. Akavua kofia, akasema shikamoo mzee. Sikumwitikia. Akangoja pale kwenye ua wa masale, akachoka, akaondoka. Nilichosikia baada ya hapo ni msiba wake."

Akaokota punje moja, akaitazama, akaitupa.

"Huyo mkuu wako anakuamkia?"

"Kila siku."

"Na wewe?"

Tangu barua itoke, kila mkuu akiniamkia nilijifanya napekua madaftari.

Asubuhi yake nilimkuta mkuu mlangoni mwa ofisi, funguo mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nililitamka kwa sauti ya chini. Hakusikia, au hakuamini, maana alibaki amesimama vilevile, ananitazama. Nikarudia marahaba kwa nguvu, kisha nikatoa barua mkobani, nikamwomba kalamu.