Mhakiki wa Rekodi za Litungu

Kila Jumamosi asubuhi, mhakiki wa rekodi za litungu, ala ya nyuzi, kwenye redio moja ya Tarime hufuta diski kwa pindo la shati, hufumba macho, kisha huwaambia wasikilizaji ni uzi upi umelegea. Siku hizi huzibana hedifoni mpaka masikio yanamuuma. Jumamosi iliyopita alikuwa anahakiki nyimbo za zamani zilizosafishwa na kutolewa upya. Taa ya kuashiria yuko hewani ilipowaka hakusikia kitu, akadhani ni masikio yake tena, akabahatisha: “Sikieni uzi mwembamba unavyolia.”

Winfrida, fundi mitambo, alizima maikrofoni haraka. “Mzee, wimbo bado sijauweka.”

Mhakiki alimsogelea. “Mwanangu, usimwambie mtu,” alinong'ona. “Ukiuweka, niguse bega.”