Tulivyotazama concert ya mwisho ya magwiji wa grunge hapa Khayega, saa za kanisa

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nacheka na comments zenu kisha naenda kulala. Leo acha na mimi niandike. Sina haja ya kuongeza chumvi, maana kilichotokea kinatosha chenyewe, na waliokuwepo siku hiyo wako humu ndani. Nikidanganya watanisahihisha.

Nina salon hapa Khayega, Kakamega. Kaka yangu mkubwa, Wycliffe, ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi unayoyaona ukielekea Shinyalu ni kazi ya mikono yake.

Sasa, Wycliffe ni mtu wa rock. Na si rock yoyote. Ni grunge, ile ya magitaa yanayonguruma kama posho mill, huku mwimbaji analalamika kama mtu anayeumwa na jino. Aliisikia redioni akiwa high school na hakutoka tena. Jua la mchana linawaka, yeye amevaa shati zito la drafti la mitumba, eti wenyewe ndivyo wanavyovaa. Watu walikuwa wanamchekanga. Hakujali.

Jina la bendi sitaji. Nawajua nyinyi, mtaacha hadithi mpigane kuhusu album gani ilikuwa kali.

Mwaka jana akapata stroke.

Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakaenda. Kila unachomwambia anaelewa, lakini akifungua mdomo kinatoka kitu kimoja tu: "Sasa." Akitaka chai, sasa. Akikataa dawa, sasa. Unaona kabisa sentensi iko machoni, imekwama njiani. Mtu aliyekuwa anatania soko zima akaanza kukaa nyuma ya nyumba, hataki wageni.

Familia ikasema apewe utulivu, asisumbuliwe na makelele. Redio ikazimwa. Spika zikafunikwa na kitambaa.

Halafu nikaona mtandaoni kwamba ile bendi yake, wazee kabisa sasa, wanaaga. Show ya kufunga itaonyeshwa live. Kwao Jumamosi jioni, kwetu Jumapili alfajiri.

Nikamwonyesha tangazo kwenye simu. Wakuu, alinishika mkono kwa ule wake mzima na akakataa kuuachilia.

Wifi yangu Mercy aliogopa. Aliuliza, je, pressure ikipanda? Tukamuuliza daktari wake, akasema mradi ametumia dawa, na akichoka apumzishwe, hakuna neno.

Simu ilikuwa ndogo mno kwa jambo kama hilo. Nikaenda kwa Shikuku, mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira. Ana screen kubwa na spika za kutetemesha mabati. Akakubali, ila akanionya kwamba Jumapili ukumbi ni wa kanisa. Wakifika, screen inazimwa. Alishawapa neno lake, na mimi nikaona ni haki.

Jumapili ikafika, ukungu kila mahali. Tulimleta Wycliffe kwa boda, Mercy amekaa nyuma yake amemkumbatia asianguke. Shati la drafti alilichagua mwenyewe.

Nilitarajia tuwe sisi tu. Kumbe Shikuku alikuwa ametangaza. Nilikuta mafundi, watu wa boda, walimu, hata jamaa wa kofia aliyetoka Ekero na pikipiki yake, akaingia akitusalimia "Assalaam alaykum" na kukaa bench ya mbele kabisa. Wapenda rock wa kaunti hii wamejificha wapi miaka yote hii?

Show ikaanza. Gitaa la kwanza lilipopiga, vumbi lilidondoka kutoka kwa mabati, sitanii. Mimi ambaye sipendi hata hiyo music nywele zilinisimama. Mwimbaji ndevu nyeupe pe, tumbo limetokeza, lakini anaruka. Network ikikwama ukumbi mzima unaguna, ikirudi watu wanakumbatiana. Wycliffe mkono wake wa kushoto ulikuwa ngoma juu ya paja, haukosei beat hata moja.

Kisha kanisa likafika.

Akina mama wa vitambaa vyeupe, ngoma zao, na pastor mbele. Na ule wimbo mkubwa wa bendi, ule ambao kila mtu pale alikuwa anaungojea, ulikuwa bado haujaimbwa. Shikuku akachukua remote, akaniangalia kwa huruma.

Nikatoka mlangoni mbio kumwomba pastor. Nikamweleza kuhusu kaka yangu, maneno yananitoka ovyo ovyo. Nikiwa katikati ya kueleza, nikasikia ndani wimbo wenyewe umeanza.

Tukageuka wote kutazama. Mwimbaji alifika verse ya pili, sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikakataa. Mzee wa watu akarudi nyuma hatua chache, akawageuzia mashabiki microphone. Uwanja wote kule ng'ambo ukaimba kwa niaba yake.

Na mle ukumbini kuna mwanaume alikuwa anaimba.

Nilidhani ni yule wa Ekero. Hapana. Alikuwa Wycliffe. Amesimama, ameshika bench, macho kwa screen, anaimba maneno. Maneno kamili ya Kiingereza, moja baada ya lingine, na sauti ile ile tuliyoizoea.

Mercy alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Shikuku alibaki na remote hewani.

Pastor akasema polepole, "Mwacheni amalize. Mungu hana haraka."

Mama mmoja wa kanisa akaanza kugonga ngoma yake taratibu, akifuata beat. Wenzake wakaingia. Wimbo hawaujui, Kiingereza chenyewe hata kwa mwenye kuimba hakieleweki, lakini kanisa zima lilicheza mlangoni. Nililia nikicheka.

Wimbo ukaisha. Wote tunamwangalia. Wycliffe akamgeukia mkewe, akafungua mdomo.

"Sasa."

Akacheka yeye kwanza. Kicheko chake kabisa, kile cha sokoni. Ndipo na sisi tukacheka.

Mtaalamu wa matamshi pale Kakamega alitueleza baadaye kwamba si muujiza. Kuimba na kuongea hupita njia tofauti kichwani, na ya kuimba inaweza kubaki wazi. Sasa anamfundisha maneno kwa tune. Ni pole pole. Siku nyingi hakuna kitu.

Lakini wiki iliyopita Mercy alikuwa jikoni anasonga obusuma, yaani ugali, akasikia kutoka nje jina lake linaitwa. Limevutwa, limelalamikiwa, grunge kabisa, lakini ni jina lake. Alikuwa hajaitwa na mumewe tangu mwaka jana. Akaacha mwiko kwenye sufuria akatoka mbio. Obusuma ikaungua, tukaila hivyo hivyo.

Nilichojifunza ni hiki: mgonjwa bado ni yule yule. Kabla hujamnyamazishia dunia kwa kumhurumia, mwonyeshe alichokuwa anapenda uone atakushika mkono au la.

Nisaidieni, wakuu. Kama unaishi na mtu ambaye stroke ilimnyang'anya maneno, niambie yeye alikuwa anapenda kuimba nini, na kama umeshajaribu.