Eti niuze pikapu kwa sababu ya mlima wa Dareda

Leo fundi ameniambia niuze pikapu yangu. Mimi!

Naongea, binti yangu anaandika, msicheke.

Injini tuliifunga tabo, ile ya kuisukumia hewa ipate nguvu. (Marehemu mume wangu hata redio hakuitaka.) Ikahitaji hewa nyingi, basi fundi Gidamis akachagua sensa kubwa ya kupima hewa, akaifunga badala ya ile ndogo. Leo tukaenda naye kuijaribu.

Chini ya mlima wa Dareda gari ikakohoa, ikazima. Na maharage yangu nyuma.

"Bibi, hii imechoka. Uza."

Nikamuuliza, hiyo sensa inamwambia nani?

"Inaiambia kompyuta ya gari, ndiyo inatoa mafuta."

"Na kompyuta umeiambia umebadilisha kipimo?"

"Bado, bibi."

Nimepima mahindi sokoni Babati huyu hajazaliwa. Ukileta debe kubwa ukahesabu kama lile dogo, utasema mahindi yamepungua. Kompyuta inaona hewa kidogo, inatoa mafuta kidogo, gari inakufa njaa.

Akatoa laptopu aiambie kompyuta kipimo kipya, akabonyeza weee, mpaka nikamaliza chai ya chupa.

Sasa niko juu ya mlima na maharage yangu. Nyie mliosema bibi na tabo wapi na wapi, semeni tena, nawasikiliza.