Siku Niliyoonekana kwenye Televisheni

Mimi ni mwalimu, na afadhali mlisikie jambo hili kwangu kuliko sokoni Kimilili. Televisheni ya taifa ilikuwa imetangaza wiki nzima ya sanaa na mijadala, na wapiga picha wakaja Bungoma kurekodi mjadala wa elimu. Mmoja wao alinisimamisha mbele ya kipaza sauti. "Mwalimu, ongea kidogo." Nikaongea kuhusu uhaba wa vitabu mpaka jasho likanitoka. "Inatosha," akasema. "Tazama wiki ijayo."

Basi nikatangaza kanisani, shuleni, mpaka kwa mama mkwe, ambaye tangu niolewe hajawahi kunisifu. Televisheni ilikuwa yake, ile ya betri ya gari. Jumatatu ikaonyeshwa michezo ya kuigiza, mimi sipo. Jumanne ngoma, Jumatano mashairi. Nilisimama, nikaketi, nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo hata haikuwa motoni.

"Mama Wafula, si ulisema ati utaongea?" aliuliza mama mkwe.

"Ni Ijumaa, mama."

Ijumaa sebule ikajaa, hata pasta alikuja. Ofisa wa elimu ndiye aliyeongea kuhusu vitabu. Hapo nikaelewa kwamba sauti yangu ilikuwa ya kujaribia kipaza sauti tu. Kisha picha ikasogea nyuma ya ofisa, kwenye meza ya wageni, nami nikajiona nikitia samosa mkobani, ya nne, ya tano.

Pasta akakohoa. Mama mkwe akaisogelea televisheni.

"Sasa huyu," akasema, "huyu ndiye ninamjua."